Usiulize Kama Filamu ni ya Kweli, Uliza Imekata Nini

Basi la Mbeya likishaipita Doma na kuingia ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Mikumi, dereva hupunguza mwendo, na abiria waliokuwa wamesinzia tangu Morogoro huanza kugusana mabega. Tembo hao! Twiga wale! Nyani wamejipanga kandokando ya lami wakisubiri ganda la ndizi litakalorushwa dirishani, jambo lisiloruhusiwa lakini linatokea. Mbele kuna lori la mafuta la kwenda Zambia, nyuma kuna lingine limebeba kontena la kwenda Kongo. Barabara hiyo kuu inaipasua hifadhi kwa takriban kilomita 50, na vibao vyake vinamkumbusha dereva faini atakayotozwa akimgonga mnyama.

Sasa tafuta kwenye simu yako video ya utalii ya Mikumi. Utaoneshwa tambarare ya Mkata, nyasi zikichezeshwa na upepo, kundi la nyati, simba juu ya kichuguu, jua likizama. Mara nyingi hutaona lori hata moja. Je, mpiga picha amedanganya? Tembo ni wa kweli, nyasi ni za kweli na jua ni hilo hilo letu. Alichofanya ni kuipa barabara mgongo.

Makala hii ni ya mtu anayependa filamu za makala na vipindi vya maisha halisi, lakini hapendi kufanywa mjinga. Ushauri wangu mkuu ni mmoja: acha kuuliza, "Hii ni kweli au wameigiza?" Swali hilo halikufikishi mbali, kwa sababu filamu nyingi zina vyote viwili ndani yake. Uliza nini kimekatwa, nani amekikata, na anataka ufanye nini ukishatazama. Mengine yote yanayofuata hapa ni namna ya kuyajibu maswali hayo ukiwa umekaa sebuleni, au ukiwa umesimama mbele ya kamera yenyewe.

Anza na filamu ya kwenu

Kila mtu ana mahali anapopajua kuliko mpiga picha yeyote. Kwa mkazi wa Mikumi au wa wilaya yake ya Kilosa, mahali hapo ni pale alipo. Basi anza na kipindi chochote kilichopigwa kwenu, ukiwa na kalamu na karatasi. Upande mmoja andika yaliyosemwa yaliyo sahihi. Upande wa pili andika yale ambayo kila mwenyeji anayajua lakini hayamo.

Upande wa kwanza utajaa bila shida. Mikumi ilitangazwa kuwa hifadhi ya taifa mwaka 1964 na ina ukubwa wa kilomita za mraba 3,230. Takwimu kama hizo hazikoseki. Upande wa pili ndio wenye faida. Mji mdogo wa Mikumi unaishi kwa barabara: nyumba za kulala wageni, chipsi, mafundi wa matairi, madereva wanaopumzika kabla ya kuupanda mlima Kitonga. Vijiji vinavyopakana na hifadhi vinakesha kulinda mahindi yasiliwe na tembo. Filamu inayokuonesha mnyama na mlinzi wake, kisha ikamleta mwanakijiji kwa dakika moja tu akiwa mjangili, imewakata watu hao wote bila kusema neno moja la uongo.

Karatasi hiyo ni kipimo chako. Ikiwa filamu ya mahali unapopajua imeacha mambo kumi, usitegemee kwamba filamu ya Mwanza, ya Goma au ya Marekani imeacha machache zaidi. Si lazima wenye filamu wawe watu wabaya. Dakika 50 haziwezi kubeba wilaya nzima. Lakini mtu fulani alichagua kibaki nini, na uchaguzi huo una matokeo.

Mwaka 1959 Profesa Bernhard Grzimek wa Ujerumani alitoa filamu iliyoutangazia ulimwengu kwamba Serengeti haipaswi kufa. Mwanawe Michael alikufa katika ajali ya ndege Januari ya mwaka huo, kazi ikiwa bado inaendelea. Filamu ikapata tuzo ya Oscar mwaka 1960. Kazi ya kuwahesabu wanyama kutoka angani ilikuwa kazi halisi, na ajali ilikuwa ya kweli na ya uchungu. Lakini mwaka huo huo wa 1959 Wamasai waliokuwa wakiishi ndani ya Serengeti walihamishwa ili hifadhi ibaki bila watu. Watazamaji wengi wa Ulaya waliondoka kwenye kumbi za sinema wakiamini kwamba nchi ile siku zote ilikuwa ya wanyama peke yao. Wazo hilo limeishi kuliko filamu yenyewe.

Simba haigizi, mhariri anamwigizia

Watu hudhani filamu za wanyama ndizo safi kuliko zote, maana simba hasomi mswada. Ni kweli simba haigizi. Mhariri ndiye anayemwigizia.

Tuanze na sauti. Lenzi ndefu inaweza kumnasa chui aliye mbali sana, lakini kipaza sauti hakiwezi kusikia kutafuna kwake kutoka umbali huo. Kwa hiyo sauti nyingi za karibu unazozisikia, kama mfupa unaovunjwa, kwato matopeni au mbawa za kipepeo, hutengenezwa studio na mafundi wenye vitambaa, majani makavu na mabeseni ya maji. Desturi hii ni ya siku nyingi. Haibadilishi tukio, lakini inabadilisha moyo wako unavyodunda, na moyo ukidunda akili huuliza maswali machache.

Kisha kuna mnyama mmoja aliyeundwa na wengi. Mwaka 2019 ulitoka mfululizo uitwao "Serengeti", uliopigwa Tanzania kwenye pori la Grumeti na kuoneshwa na BBC na Discovery. Ndani yake kuna simba jike aitwaye Kali, tembo aitwaye Nalla na nyani aitwaye Bakari, mwenye mapenzi yake na mshindani wake kama kijana yeyote wa tamthilia. Waliotengeneza mfululizo huo hawakuficha kwamba ni masimulizi yaliyotiwa uigizaji. Linganisha na Mikumi, ambako watafiti wamewafuatilia nyani wa manjano mmoja mmoja tangu miaka ya 1970. Mtafiti aliyekaa nao miaka yote hiyo ataandika kwamba nyani dume fulani alimfukuza mwenzake mara kadhaa. Kuandika kwamba alikuwa na wivu kutamsumbua kweli kweli. Msimulizi wa filamu hupata jibu kabla jua halijazama.

Kuna pia uongo mtupu. Filamu ya Disney ya mwaka 1958, "White Wilderness", iliwaonesha wanyama wadogo wa jamii ya panya, waitwao lemming, wakijitupa majini kwa wingi kana kwamba wamekata tamaa ya kuishi. Nayo ilipata Oscar. Mwaka 1982 kipindi cha televisheni ya CBC ya Kanada kilifichua kwamba wanyama wale waliletwa kutoka kwingine na kusukumwa. Mpaka leo wapo watu wazima wanaoamini kwamba lemming hujiua. Miaka mingi baadaye, mwaka 2011, BBC ilikosolewa kwa sababu picha za kuzaliwa kwa watoto wa dubu wa barafu katika "Frozen Planet" zilipigwa kwenye bustani ya wanyama Uholanzi, ilhali masimulizi yalimwacha mtazamaji akidhani yuko Aktiki. BBC ilijitetea kwamba kuweka kamera kwenye pango la dubu wa porini kungewahatarisha watoto. Hoja hiyo ina uzito. Lakini sentensi moja ya ziada ingetosha kumwambia mtazamaji.

Wewe ukiwa nyumbani fanya hivi. Simba anapomwinda swala, angalia kama wote wawili wanaonekana ndani ya picha moja walau mara moja. Ikiwa unamwona simba, kisha swala, kisha simba, kisha swala, na hawakutani mpaka mwisho, inawezekana kabisa walipigwa picha siku tofauti. Angalia vivuli: kikiwa kirefu kwa simba na kifupi kwa swala, saa zimebadilika. Na ukioneshwa ndani ya shimo, kiota au pango huku mwanga ukiwa mzuri, jiulize kamera iliingiaje.

Zima sauti kwa dakika tano

Mtazamaji wa Kiswahili hahitaji kufundishwa nguvu ya msimulizi. Waliokulia kwenye vibanda vya video wanamkumbuka Lufufu, aliyewasimulia Watanzania filamu za Kihindi, Kichina na za Kimarekani kwa Kiswahili chake chenye mbwembwe. Picha ilikuwa ya Hong Kong, lakini hadithi uliyotoka nayo kibandani ilikuwa ya kwake: yeye ndiye aliyeamua nani jasiri, nani mshamba na nani kamtapeli nani. Tulijua, tukacheka, tukalipa tena kesho yake.

Msimulizi mwenye sauti nzito ya Kiingereza kwenye filamu ya makala anafanya kazi hiyo hiyo, ila hatucheki. Kwa hiyo zima sauti kwa dakika tano na utazame picha peke yake. Utamwona mama anatembea na ndoo kichwani. Hayo tu. Kwamba amekata tamaa, kwamba maji yako kilomita nane, kwamba mume amemkimbia, yote hayo yamo kwenye sauti na muziki. Yanaweza kuwa kweli. Lakini sasa umetenganisha kile ulichokiona na kile ulichoambiwa, na unaweza kudai ushahidi wa hicho cha pili.

Fanya vivyo hivyo kwa mahojiano, na hapa mtazame mtu mdomo. Sentensi inapoanza uso wake ukiwa kwenye picha, kisha picha ikahamia kwenye ng'ombe au mto huku sauti ikiendelea, pale ndipo wahariri wanapoweza kuunganisha vipande viwili vya mazungumzo vikawa sentensi moja. Mara nyingi hufanya hivyo ili kupunguza urefu tu. Lakini sentensi iliyo nzito kuliko zote kwenye filamu, ile inayomshtaki mtu, unapaswa kuisikia yote ikitoka mdomoni mwa msemaji ukimwona.

Hadithi imeanzia mwaka gani?

Kilosa ina somo ambalo wilaya chache zinalo. Tarehe 8 Desemba 2000, watu 38 wa kijiji cha Rudewa Mbuyuni waliuawa katika shambulio la wafugaji. Ni tukio la kweli, lina makaburi yake na yatima wake. Filamu ikianzia asubuhi ile, hadithi ni fupi: mkulima ameonewa, mfugaji ni muuaji.

Sasa isogeze mbele filamu hiyo hiyo. Mapema mwaka 2009 serikali iliendesha operesheni ya kuwaondoa wafugaji na mifugo yao wilayani, na familia nyingi za wafugaji zikapoteza ng'ombe waliokuwa uti wa maisha yao. Filamu ikianzia hapo, mfugaji ndiye mwenye kilio.

Irudishe nyuma zaidi, kwenye enzi za mkonge, wakati mashamba makubwa yalipotwaa ardhi nzuri ya Kimamba, Rudewa na kwingineko. Bei ya mkonge ilipoanguka, mengi yakabaki pori lenye hati, huku vijiji vikibanana pembeni. Hapo mkulima na mfugaji wote wawili wanaonekana wakigombea kilichobaki. Mwaka huo wa 2009 watafiti Tor Benjaminsen, Faustin Maganga na Jumanne Abdallah walichapisha utafiti kuhusu mauaji ya Kilosa, wakazitazama sera zilizompendelea mkulima, malisho ya kiangazi yaliyozidi kupungua, na rushwa iliyowafanya watu wa pande zote mbili wasiziamini tena ofisi za umma. Mambo hayo hayapigiki picha kirahisi. Rushwa haina rangi, na hati ya shamba haikimbii mbele ya kamera.

Hakuna hata moja kati ya filamu hizo tatu ambayo ingehitaji kudanganya. Tarehe ya kuanzia ingetosha kuamua nani mbaya. Kwa hiyo unapotazama filamu yoyote ya mgogoro, iwe ya ardhi, ya dini au ya mpaka, andika mwaka inaoanzia, kisha jiulize: kama ingeanza miaka 10 kabla, nani angebadilika sura? Kama hujui kilichotokea miaka hiyo 10, bado hujawa tayari kuhukumu. Na kama upande mmoja unazungumza wenyewe huku upande mwingine ukizungumziwa, umetazama nusu ya filamu.

Nani amelipa, na ushahidi uko wapi?

Aprili 2022 filamu "Tanzania: The Royal Tour" ilizinduliwa New York, kisha Los Angeles, halafu ikaja Arusha, Zanzibar na Dar es Salaam. Rais Samia Suluhu Hassan ndiye aliyemwongoza mtangazaji Peter Greenberg kutembelea nchi, mtindo ambao Greenberg aliwahi kuutumia na viongozi wa Yordani, Rwanda na kwingineko. Lengo lilitangazwa wazi: kuvutia watalii na wawekezaji. Ukiitazama kama tangazo refu lililotengenezwa kwa ustadi, hutakuwa na la kulalamika. Ukiitazama ukitaka uchunguzi wa hali ya nchi, unadai kwenye duka kitu ambacho hakiuzwi hapo. Soma majina ya mwisho wa filamu, yale ambayo wengi huyatumia kwenda kuchota maji. Wafadhili, washirika na wanaoshukuriwa wote wako pale.

Usidhani basi kwamba filamu inayokosoa ndiyo moja kwa moja ya kweli. "Darwin's Nightmare" ya Hubert Sauper, iliyotoka mwaka 2004, ilipigwa Mwanza. Ilieleza kwamba minofu ya sangara inapanda ndege kwenda Ulaya, wenyeji wanabaki na mapanki, yaani vichwa na mifupa ya samaki, na ndege hizo huenda zinaleta silaha zinapokuja. Ilifika hadi kuteuliwa kuwania Oscar. Mwaka 2006 Rais Jakaya Kikwete aliishutumu hadharani kwamba inaichafua nchi. Ufaransa, mwanahistoria François Garçon aliandika kitabu kuipinga, Sauper akamshtaki kwa kashfa na mahakama ya Paris ikampa Sauper ushindi mwaka 2008.

Wengi walichukua upande kwa kufuata mapenzi: mzalendo akaikataa yote, mwanaharakati akaikubali yote. Mtazamaji makini aigawe. Mapanki yalikuwepo, yalianikwa na yaliliwa. Mtu wa Mwanza hahitaji filamu kuyajua. Silaha zenyewe hazioneshwi. Tunasikia maneno ya watu, tunaona ndege, na akili zetu ndizo zinazounganisha. Hukumu ya kashfa inaamua kama mtu fulani alimchafua mwenzake. Haikuambii kila dai la filamu lina uzito gani. Kwa hiyo kila dai zito liwekee alama yake: nimeliona, nimesikia mtu akilisema, au nimedokezewa na muziki. Alama ya tatu ikizidi, filamu hiyo ina hoja kuliko ushahidi.

Vipindi vya maisha halisi

Hapa watu ni wa kweli na mazingira ni ya kutengenezwa. Mtanzania Richard Bezuidenhout aliibuka mshindi wa shindano la Big Brother Africa mwaka 2007 na dola 100,000, na Idris Sultan akaleta dola 300,000 mwaka 2014. Vicheko na machozi yao hatuna sababu ya kuvitilia shaka. Lakini hakuna Mtanzania anayeishi kwenye nyumba iliyofungwa, bila simu wala kazi, na wageni aliochaguliwa na mtu mwingine. Kuna mtu aliyewachagua wakae pamoja kwa sababu alitaraji watapendana au watagombana. Siku ina saa 24. Ikifupishwa kuwa kipindi cha saa 1 cha jioni, saa 23 zimetupwa, na mtu aliyekuwa mpole kwa saa 22 anaweza kuonekana kwa zile dakika tano alizopandisha sauti.

Maisha Plus, kipindi kilichoanzishwa na Masoud Kipanya, kiliwapeleka vijana kuishi maisha ya kijijini, na baadaye kikaungana na shindano la Mama Shujaa wa Chakula lililoendeshwa na Oxfam. Kina mama wale walikuwa wakulima kweli na walijua walichokisema kuhusu mbegu na mbolea. Kijiji chao ndicho kilichopangwa. Hiyo ni njia nzuri ya kukitazama kipindi chochote cha aina hii: amini ujuzi wa mtu, tilia shaka mpangilio wa siku yake. Hata Survivor ya Marekani, iliyokuja kupigwa katika Hifadhi ya Shaba kule Isiolo, Kenya, mwaka 2001, ina habari yake. Mwaka huo huo mtayarishaji wake Mark Burnett alikiri kwamba baadhi ya matukio ya kipindi yalirudiwa kwa kutumia watu waliosimama badala ya washiriki, ili kupata picha pana zisizo na kamera nyingine ndani yake.

Kwa kijana anayetaka kujiandikisha kwenye shindano: soma mkataba na mtu anayejua sheria kabla ya kuwaaga nyumbani. Tafuta kipengele kinachosema watayarishaji wanaweza kuhariri mwenendo wako wapendavyo, maana vipengele vya namna hiyo ni vya kawaida. Na ukiwekwa pembeni kuhojiwa kuhusu mwenzako, jibu kwa sentensi kamili. Swali la mtayarishaji hukatwa, jibu hubaki. Ukiulizwa, "Je, fulani ni mchoyo?" nawe ukajibu, "Ndiyo, kidogo," usishangae kusikia "ndiyo" peke yake.

Kamera ikija kijijini kwenu

Wakazi wa Kilosa na Mikumi si watazamaji tu. Wageni wenye kamera wanakuja, kwa ajili ya tembo, reli ya kisasa na mahandaki yake, au mafuriko ya Mto Mkondoa. Kwa hiyo jua haki zako kabla hujavaa shati jipya.

Kwanza, waulize kibali. Kupiga filamu nchini kunahitaji idhini ya Bodi ya Filamu Tanzania, na ndani ya hifadhi kunahitaji ya Shirika la Hifadhi za Taifa (TANAPA) pia. Mgeni wa kweli ataanzia ofisi ya kijiji, na mtendaji ataona karatasi zake. Asiyetaka kufika kwa mtendaji ana sababu, nawe huhitaji kuijua ili ukatae.

Pili, uliza filamu inahusu nini, itaoneshwa wapi na nani ameilipia. Mwambie akueleze kwa sentensi mbili. Akisema "ni kuhusu maisha tu", endelea kuuliza.

Tatu, usisaini karatasi ya Kiingereza usiyoielewa. Dai isomwe kwa Kiswahili mbele ya shahidi wako, na uipige picha kwa simu yako. Karatasi hiyo mara nyingi huwapa ruhusa ya kutumia sura yako popote kwa miaka isiyo na mwisho. Kuhusu watoto, mzazi awepo na akubali yeye mwenyewe. Mwalimu au balozi wa nyumba kumi hawezi kumkubalia.

Nne, usifanye kwa ajili ya kamera jambo usilolifanya siku nyingine. Ukiambiwa urudie kuteka maji, rudia kama unapenda. Ukiambiwa uvue viatu, utembee peku kwa sababu "inapendeza zaidi", kataa. Ukiambiwa useme una njaa ilhali umekula, kataa kwa sauti kamera ikiwa inarekodi, maneno yako yawemo.

Tano, ukishaonewa, kuna mahali pa kwenda. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 imeunda Tume inayopokea malalamiko ya watu ambao taarifa zao zimetumika isivyo halali. Kwa yaliyorushwa na redio au televisheni za nchini, Mamlaka ya Mawasiliano (TCRA) ina Kamati ya Maudhui. Tunza jina la kipindi, tarehe na chaneli. Lalamiko lisilo na hayo huwa gumu kulishughulikia.

Vipande vya simu

Siku hizi filamu ya makala inaingia kwa WhatsApp ikiwa na sekunde 40. Haina mwisho wenye majina, haina mwaka, na huenda imetengenezwa na kompyuta bila tembo wala mto. Hapa ujuzi wa mwenyeji unalipa tena. Kilosa ilipata mafuriko makubwa mwishoni mwa mwaka 2009 na mwanzoni mwa 2010, na picha za zamani huzunguka upya kila mvua ikikoleza. Kabla ya kusambaza, tafuta kitu chenye tarehe ndani ya picha: namba za magari, mabango ya kampeni, paa lililokwisha kubomolewa, nguzo za umeme za reli ya kisasa ambazo hazikuwepo miaka hiyo. Ukikosa hata kimoja, mpigie mtu aliyepo mahali hapo. Dakika moja ya simu ni nafuu kuliko kijiji kizima kuhama usiku kwa mafuriko ya miaka iliyopita.

Shaka iendane na inachokutaka ufanye

Mtu hawezi kuchunguza kila kitu; angeacha kutazama, na starehe nayo ina haki yake. Kwa hiyo pima shaka yako kwa kile filamu inachotaka kutoka kwako. Inayotaka ucheke, cheka. Inayotaka ushangae uzuri wa chui, shangaa, sauti ya studio na iwepo. Inayotaka pesa yako, iwe nauli ya safari au mchango kwa mtoto unayeoneshwa akilia, isome majina ya mwisho na umuulize mwenyeji wa pale. Inayotaka kura yako, itazame sambamba na ya upande wa pili.

Na inayotaka umchukie jirani yako, mkulima au mfugaji, mtu wa kabila hili au lile, hiyo idai ushahidi wote: mwaka ilioanzia, sauti za pande zote, sentensi zilizotoka mdomoni mwa wasemaji bila kuunganishwa. Ikikosa kimoja tu kati ya hivyo, usiisambaze. Jirani huyo utakutana naye mnadani Jumamosi, na waliotengeneza filamu hawatakuwepo.